Manukuu ya Kiswahili kwa filamu ya Kijapani iliyorekodiwa Uzbekistani: tutafsiri kila kinachosemwa?

sinema_mtaani

Hamjambo wadau. Kikundi chetu cha filamu huku Eastlands, Nairobi, kinajiandaa kuonyesha filamu ya Kiyoshi Kurosawa ya mwaka 2019, ile inayoitwa kwa Kiingereza *To the Ends of the Earth*. Kwa ambao hawajaiona: Yoko ni mtangazaji wa kipindi cha televisheni cha Kijapani (anaigizwa na Atsuko Maeda). Amepelekwa Uzbekistani na kikosi kidogo cha wapiga picha kumtafuta samaki wa ajabu ziwani, na akiwa huko anaanza kujiuliza yeye mwenyewe anataka nini maishani. Wanaosikika ni Wajapani wakiongea Kijapani na wenyeji wakiongea Kiuzbeki. Katikati yupo mkalimani, Temur. Filamu ina dakika 120.

Watazamaji watakuwa kama 80: wazee, vijana na wanafunzi wa sekondari. Manukuu (maandishi ya tafsiri chini ya picha) ya Kiingereza yanawaacha nyuma wengi wao, kwa hiyo tumeamua kutengeneza ya Kiswahili. Naomba msaada kwa haya:

1. Toleo tulilotazama halina manukuu kwenye sehemu kubwa ya Kiuzbeki. Tutafute mtu atutafsirie, au tuache hivyo?
2. Kiswahili chetu kinatoka kirefu mno, mistari haitoshi kwenye skrini. Kuna vipimo?
3. Faili la majaribio linaenda sawa mwanzoni, lakini kufikia mwisho wa filamu maandishi yamepishana kabisa na sauti. Shida ni nini?
4. Ukumbi una sakafu tambarare na viti vya plastiki. Kuna la kujihadhari nalo?

---

fundi_manukuu

Ndugu, swali lako la kwanza ndilo kubwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapo.

Acheni Kiuzbeki bila manukuu. Hakuna aliyesahau kukitafsiri, filamu imejengwa hivyo. Yoko hajui Kiuzbeki. Anapoingia sokoni peke yake, anapopanda basi, anapokutana na kundi la wanaume njiani, sauti zinamzunguka na hapati neno. Mtazamaji akipewa tafsiri atajua kwamba wale watu hawana ubaya wowote, wakati Yoko mwenyewe anawakimbia. Hofu yake itaonekana ya kipuuzi, na hadhira ya Nairobi itamcheka badala ya kuwa naye. Filamu nzima inamhusu mtu anayegundua kwamba alijifungia mwenyewe. Mkimfungulia mtazamaji mlango tangu dakika ya kwanza, ugunduzi huo hautakuwa na uzito.

Kanuni ya kufanyia kazi ni hii: andika kile ambacho sikio la Yoko linaelewa. Temur anapotafsiri kwa Kijapani, hapo manukuu yanaingia. Na mfuateni Temur, msimfuate mzee aliyesema kwa Kiuzbeki. Mkalimani yeyote hufupisha, hulainisha, wakati mwingine huruka jambo. Mwenyeji akiongea kwa sekunde 20 na Temur akatoa sentensi moja, manukuu yawe sentensi moja. Ile tofauti ya urefu inamwambia mtazamaji kwamba kuna kitu kimebaki njiani.

Kosa linalotokea mara nyingi ni kuchukua faili la manukuu mtandaoni ambalo mtu amelijaza Kiuzbeki kwa programu ya kutafsiri. Dalili yake: manukuu yanatokea wakati midomo ya Wajapani imefungwa. Pitieni faili lote na kufuta mistari ya namna hiyo kabla hamjaanza kutafsiri, la sivyo mtafanya kazi mara mbili.

Jambo la pili ambalo watafsiri hulikosa ni kwamba Yoko ana sauti mbili. Kamera ya kipindi ikiwaka anachangamka na kutabasamu, anaongea kama watangazaji wa televisheni popote pale. Kamera ikizimwa, maneno yanakuwa machache, mengine nusu sentensi. Kiswahili kinaweza kulibeba hili vizuri sana. Mbele ya kamera mpeni Kiswahili cha studio: sentensi kamili, "watazamaji wapenzi", "karibuni tuonje pamoja". Nje ya kamera mpeni "Sawa.", "Nimechoka.", "Basi twende." Mfano mzuri ni pale anapoonja plov ambayo wali wake haujaiva. Mbele ya kamera anasifia. Akiandikiwa Kiswahili kilekile kabla na baada ya kamera kuzimwa, mtazamaji hataona kwamba sifa ile ni kazi tu anayolipwa kuifanya. (Hiyo plov iandikeni pilau. Ni ndugu mmoja na pilau yetu, na watu wataitambua kwa macho kabla hawajasoma.)

Sheng msiiweke popote. Wazee watapotea, na Yoko ni mgeni, si mtu wa mtaa wowote.

Mwisho, kama mnatafsiri kutoka manukuu ya Kiingereza, mjue kwamba adabu ya Kijapani imeshapunguzwa humo. Mwongozaji wa kipindi akimwagiza Yoko na Temur akimwomba jambo, Kiingereza mara nyingi kinawapa sentensi inayofanana. Tafuteni mtu anayejua Kijapani akae nanyi mkiitazama filamu mara moja tu, aseme nani anaamuru na nani anaomba. Kuna vyuo vikuu hapa Nairobi vinavyofundisha Kijapani, ulizeni huko. Kisha anayeamuru aandikiwe "Simama pale", anayeomba aandikiwe "Naomba usimame pale". Kijapani pia hupenda kuacha kumtaja mtenda, ilhali kitenzi chetu kwa kawaida hakisimami bila kiambishi cha nafsi, kwa hiyo huyo mtu awaambie ni "nimechelewa" au "tumechelewa".

---

herufi_kwa_sekunde

Nijibu namba 2.

Mistari isizidi miwili, na kila mstari usizidi herufi 42 ukihesabu nafasi na alama. Kwa ukumbi mimi ningeshuka hadi 37, kwa sababu herufi zinaweza kuwa kubwa zaidi. Nukuu isikae chini ya sekunde moja, wala isizidi sekunde 7. Kati ya nukuu moja na inayofuata acheni fremu 2 (fremu ni picha moja tuli ya filamu), yaani kama milisekunde 83 kwa filamu ya fremu 24 kwa sekunde. Mwanya huo ukikosekana, jicho halioni kwamba maandishi yamebadilika.

Kasi ya kusoma: huduma kubwa za filamu mtandaoni mara nyingi hukubali hadi herufi 17 kwa sekunde kwa watu wazima waliozoea. Kwa hadhira mchanganyiko kama yenu lengeni 12 au 13. Msihesabu maneno, hesabuni herufi. Neno letu moja, kwa mfano "hawajatufahamisha", lina herufi 17 na limebeba sentensi nzima. Kanuni ya maneno kwa dakika inayotumika kwa Kiingereza itawadanganya.

Mfano (sentensi ni yangu, haimo kwenye filamu). Mkalimani anaongea kwa sekunde 3.5, na tafsiri ya kwanza inatoka hivi:

Samahani sana, lakini mzee huyu anasema kwamba leo hatutaweza kuingia ziwani kwa sababu ya upepo mkali.

Hizo ni herufi 103, zaidi ya 29 kwa sekunde. Hakuna atakayemaliza. Ipunguzeni:

Anasema leo hatuingii ziwani,
upepo ni mkali.

Herufi 44, chini kidogo ya 13 kwa sekunde. "Samahani" imeondoka kwa sababu kichwa kilichoinama kinaisema. "Mzee huyu" ameondoka kwa sababu anaonekana. "Kwamba" na "kwa sababu ya" ni maneno ya kwanza kukatwa kila mara, koma inatosha.

Pa kukatia mstari: msiache "wa", "ya", "kwa" au "na" ikining'inia mwisho wa mstari wa kwanza. Andika

Amesema tutaonana kesho
kando ya ziwa.

wala si "Amesema tutaonana kesho kando ya / ziwa." Na msigawe neno kwa kistari hata likiwa refu namna gani.

Kama nukuu inaanza ndani ya picha moja (kipande kilichorekodiwa bila kukatwa) na kuisha fremu chache baada ya picha kukatwa, irudisheni iishe pale pale picha inapokatwa. Jicho likiona picha mpya na maandishi yaleyale, hurudi kusoma upya kutoka mwanzo. Ila filamu hii ina picha ndefu zilizotulia, kwa hiyo halitawasumbua sana.

Wimbo: Yoko anaimba, na wimbo ni toleo la Kijapani la *Hymne à l'amour* wa Édith Piaf. Anauimba kwa lugha yake mwenyewe, kwa hiyo sikio lake linauelewa na manukuu yanastahili. Tumieni herufi za mlazo, mstari mmoja mmoja, bila nukta mwishoni, na mwache kila mstari ukae hadi pumzi yake iishe. Hapo msibane herufi wala msiongeze vina. Maana iliyonyooka inatosha.

---

waya_na_projekta

Namba 3: hiyo ni kasi ya fremu. Faili lenu limepimwa kwa filamu ya fremu 25 kwa sekunde, nakala mliyonayo ni ya 23.976, au kinyume chake. Uwiano ni 1.0427. Kwenye filamu ya dakika 120, tofauti inafika karibu dakika 5 kufikia mwisho.

Kabla ya kurekebisha, pimeni. Chukueni mstari wa kwanza na wa mwisho wa maongezi. Kama yote miwili imekosea kwa sekunde zilezile, faili limeanza mapema au kuchelewa tu. Sogezeni lote kwa kiasi hicho, basi. Kama wa kwanza uko sawa na wa mwisho umekosea kwa dakika, ni kasi ya fremu. Kama unaenda sawa kisha unaruka ghafla katikati, nakala yenu imekatwa kipande mahali hapo, na kusogeza faili zima hakutasaidia. Itabidi mgawe faili mahali penyewe na kusogeza nusu ya pili peke yake.

Programu ya Subtitle Edit ni ya bure na ina sehemu ya kubadilisha kasi ya fremu. Pia inaweza kulinganisha kwa nukta mbili: unaonyesha mstari mmoja wa mwanzo na mmoja wa mwisho mahali vinapostahili kuwa, yenyewe inanyoosha vilivyo katikati. Inaonyesha pia mawimbi ya sauti, hivyo unaona neno linapoanzia bila kubahatisha. Programu hiyohiyo itawapigia rangi kila nukuu inayopita kasi mliyoiweka.

Mkiwa ukumbini mkagundua tofauti ndogo na mnatumia programu ya kuchezea filamu ya VLC kwenye kompyuta ya Windows: kitufe cha H kinachelewesha manukuu, G kinayawahisha, milisekunde 50 kwa kila mbonyezo.

Hifadhini faili kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8. Hapa Kiswahili kina mtego wake. Mkiandika "ng'ombe" au "ning'ang'anie" kwenye programu ya kuandikia barua, ile alama ya ' inageuzwa kuwa ya kupinda, na mashine nyingine zikisoma kwa usimbaji tofauti zinatoa vituko vya herufi tatu katikati ya neno. Tafuteni na kubadilisha zote ziwe alama iliyonyooka.

Faili la manukuu lipewe jina lilelile la filamu, tofauti iwe kiambishi cha mwisho tu (kama .mp4 na .srt), na vikae folda moja. Lakini kama mtacheza kutoka flashi iliyochomekwa moja kwa moja kwenye projekta au televisheni, msitegemee hilo. Mashine hizo hupuuza faili la pembeni au huweka herufi ndogo zisizobadilika. Chomeni manukuu ndani ya picha kabisa kwa programu ya HandBrake, muwe na nakala hiyo kama akiba. Na ombeni nakala ya filamu isiyo na manukuu ya Kiingereza yaliyochomwa, la sivyo yenu yatapanda juu yake.

Namba 4, sakafu tambarare. Hapa ndipo maonyesho ya mtaani yanapoharibika. Mtu aliyeketi kwenye kiti cha plastiki, utosi wake uko kama mita 1.3 kutoka chini. Ukingo wa chini wa picha ukiwa hapo au chini ya hapo, safu ya tatu kwenda nyuma inasoma visogo. Pandisheni skrini hadi ukingo wa chini uwe mita 1.5 au zaidi. Dari ikikataa, ongezeni nafasi ya chini ya manukuu kwenye programu ili yapande, na viti vipangwe kwa kupishana, kila mtu akiangalia kati ya mabega mawili ya mbele.

Rangi nyeupe yenye ukingo mweusi, bila kivuli. Kuna picha nyingi za nje zenye anga jeupe, na bila ukingo maandishi yatayeyuka humo. Kwa skrini ya upana wa mita 3 kwenye ukumbi uliozibwa mwanga, projekta ya lumeni 3,000 inatosha. Nairobi giza linaingia kabla ya saa moja na nusu jioni mwaka mzima, kwa hiyo kama madirisha hayana mapazia, msianze mapema zaidi ya hapo.

---

mzee_wa_kibanda

Naomba nipinge kidogo. Watu wetu wamekulia kwenye vibanda vya video, wanajua filamu ya kigeni inayosimuliwa. DJ Afro amejenga hadhira kubwa nchini kwa njia hiyo, na mtu asiyesoma haraka haachwi nyuma. Kwa nini msiweke msimuliaji mwenye maikrofoni badala ya kuhangaika na herufi? Hata Wajapani wenyewe enzi za filamu bubu walikuwa na wasimuliaji ukumbini, wakiitwa benshi, na watu walilipa kuwasikia wao kama walivyolipa kuona filamu.

---

fundi_manukuu

Mzee wangu, heshima yako, na la benshi ni kweli kabisa. Lakini benshi alisimulia filamu isiyo na sauti. Hii sauti ndiyo imebeba nusu ya kazi: kelele za soko, injini ya mashine ya bembea inayomzungusha Yoko, ukimya wa ziwa, na Kiuzbeki chenyewe ambacho lazima kisikike kama ukuta. Msimuliaji akifunika hayo, Yoko anakuwa mtalii aliyepotea basi. Msimuliaji wa filamu za mapigano anafaulu kwa sababu mwendo unaonekana. Hapa mwendo uko ndani ya mtu.

Ila hoja yako ya wasiosoma haraka ni ya haki, na isipuuzwe. Pendekezo: msimuliaji apewe dakika 3 kabla ya filamu. Aseme Yoko ni nani, anatafuta nini, Temur ni nani, na kwamba kuna lugha ambayo hata Yoko haielewi. Aeleze pia jambo moja ambalo Mjapani analijua na sisi hatulijui: ukumbi wa opera wa Navoi ulioko Tashkent, ambao Yoko anaingia, wafungwa wa vita wa Kijapani walishiriki kuujenga baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na filamu inalitaja hilo. Mtu akilijua mapema, ataelewa kwa nini jengo lile linamgusa. Kisha maikrofoni izimwe.

---

sikio_na_jicho

Kuhusu kuacha Kiuzbeki bila manukuu, nakubali, lakini kuna mambo mawili.

La kwanza, watu watadhani faili limeharibika. Mara tu maongezi yakipita bila maandishi, mtu atapiga kelele nyuma na fundi ataanza kugusa vifaa. Wekeni kadi ya maandishi kabla ya filamu kuanza, ikae sekunde 6: "Mazungumzo ya Kiuzbeki yameachwa bila manukuu kwa makusudi." Isomwe pia kwa sauti. Na fundi mwenyewe apewe karatasi yenye dakika ambazo maandishi hayapo, ili asihangaike.

La pili, kama kuna watazamaji viziwi, kwao ukimya wa maandishi hauna maana yoyote. Hawajui kama mtu anaongea Kiuzbeki, anaongea Kijapani kilichosahauliwa, au anatafuna. Kwao andikeni "[Kiuzbeki]" mwanzoni mwa kila tukio, na si kwa kila sentensi, mkitaja pia sauti zinazoongoza hisia: "[kelele za soko]", "[kimya]". Hilo ni faili la pili tofauti, na linafaa kwa onyesho lao. Msichanganye yote kwenye faili moja, kwa sababu anayesikia atachoshwa na mabano.

---

hakimiliki_254

Hamjaulizwa, lakini lazima lisemwe kabla hamjatumia jioni zenu kutafsiri.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mwenye kazi haki ya kuitafsiri na ya kuionyesha hadharani. Diski mliyonunua au akaunti ya kutazamia mtandaoni ni ya nyumbani. Kutotoza kiingilio hakubadilishi hilo. Andikieni msambazaji, ombeni mambo matatu katika barua moja: ruhusa ya onyesho moja au mawili (tajeni ukumbi, tarehe na idadi ya viti), ruhusa ya kuweka manukuu ya Kiswahili, na orodha ya mazungumzo yenye misimbo ya muda. Hiyo ya tatu watu husahau kuiomba, na ndiyo inayookoa kazi nyingi kuliko zote, maana mkiipata mmepata nyakati sahihi za kila mstari. Jitoleeni kuwaachia faili la Kiswahili likikamilika. Ulizeni pia sehemu ya utamaduni ya ubalozi wa Japani hapa Nairobi, maana balozi nyingi husaidia maonyesho yasiyo ya biashara.

Kisha kuna bodi ya kuainisha filamu, KFCB. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, filamu ya kuonyeshwa hadharani inapaswa kuwa imeainishwa kwanza, na bango la kuitangaza pia linapitia kwao. Mna wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo daraja litakalotolewa (GE, PG, 16 au 18) ndilo litakaloamua nani anaingia. Msichapishe mabango kabla ya kulipata.

---

sinema_mtaani

Asanteni sana wadau. Barua kwa msambazaji inaandikwa leo. Swali la mwisho: tukishapata orodha ya mazungumzo, tugawane kazi watu wanne, kila mmoja dakika 30?

---

herufi_kwa_sekunde

Msigawe kwa dakika. Gaweni kwa wahusika au mwe na mtafsiri mmoja. Mkigawa kwa dakika, Yoko atakuwa na sauti nne, na kile fundi_manukuu alichosema kuhusu sauti yake ya kamera na ya nje ya kamera kitavurugika. Watu wanne wapeni hivi: mmoja anatafsiri yote, wa pili anapunguza na kupima kasi, wa tatu anashughulikia nyakati na mahali picha zinapokatwa. Wa nne haguswi na kazi kabisa hadi mwisho. Huyo aketi safu ya nyuma ukumbini, filamu ichezwe bila sauti, asome kwa sauti kila nukuu inayotokea. Kila atakapokatizwa kabla ya kumaliza, andikeni msimbo wa muda. Mistari hiyo ndiyo mtakayoipunguza tena, na jaribio lifanyike kwa projekta na skrini zilezile za siku yenyewe.

---

waya_na_projekta

Na jaribio hilo lifanyeni jioni, siyo mchana. Pia nunueni tokeni za umeme mapema.